Urefu wa Mkono Mmoja

Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha reli. Kilining'inia kwa mnyororo kwenye tawi la mringaringa, na chuma kifupi cha kukigongea kilikaa kwenye panda ya mti uleule. Kiranja wa zamu alipokigonga, mlio wake ulipenya ukungu ukashuka bondeni, ukavuka mifongo, mifereji yetu ya maji, na migomba, ukatukuta sisi tuliokuwa bado njiani, kidumu cha maji mkononi, ufagio kwapani. Asiyekuwa amevuka mto wakati ule alijua amekwisha kuchelewa. Tulikimbia, maji yakitumwagikia miguuni, na maji ya mlimani asubuhi ya Julai yanauma hadi kwenye mifupa.

Miaka mingi imepita tangu niondoke Old Moshi, na mengi niliyofundishwa darasani yamenitoka. Jedwali la kuzidisha lipo. Majina ya mito mikubwa ya dunia yamebaki nusu. Lakini robo saa ile ya mstarini, kabla hatujaingia darasani, nimebaki nayo nzima. Nimeikumbuka zaidi siku hizi kwa sababu ya mama mmoja kijana, jirani yangu, aliyekuwa anamtafutia mwanawe shule mjini Moshi. Shule aliyoipenda ni ya kanisa, na kila siku masomo yake yanatanguliwa na ibada. Aliniamkia, akakaa, akaniuliza: "Mzee wangu, hii ibada ya kila asubuhi inamsaidia nini mtoto wa darasa la kwanza? Si bora wangewahi hesabu?"

Sikumjibu siku ile. Niliona kwamba jibu nililokuwa nalo mdomoni ni la mazoea tu, nami sikutaka kumpa mazoea.

* * *

Asubuhi yetu ilikwenda hivi. Kwanza tulifagia uwanja, kila darasa na eneo lake. Kisha mstarini: wafupi mbele, warefu nyuma. Kiranja mkuu akaita, "Pima!" Kila mmoja akanyoosha mkono wa kulia mpaka ncha za vidole ziguse bega la aliye mbele yake. "Shusha!" Mikono ikashuka kwa pamoja na kupiga mapaja. Halafu ukaguzi wa kucha, nywele na shingo. Halafu bendera ikapanda nasi tukaimba wimbo wa taifa. Halafu mwalimu wa zamu akasema, "Tuombe." Baada ya sala yakaja matangazo, na mwisho ngoma ikalia tukaingia darasani kwa mwendo wa gwaride.

Kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, bega lililokuwa mbele yangu lilikuwa la mvulana mmoja, kwa kuwa tulirefuka sawia. Kwao walikuwa Waislamu, kwetu Walutheri. Vihamba vyetu, mashamba yetu ya migomba, vilipakana, na ng'ombe wao na wetu walikunywa mfongo mmoja. Sweta lake la bluu lilikuwa limefumuka kwenye mshono wa bega, na mama yake alikuwa amelishona kwa uzi wa kijani. Kila asubuhi vidole vyangu viliukuta uzi ule. Hata leo nikifumba macho naweza kuupapasa.

* * *

Tuyatazame maneno yenyewe, kwa maana maneno ya Kiswahili hayasahau yalikotoka. "Ibada" tulilipata kwa Waarabu, kwa njia ya pwani. "Shule" tuliachiwa na Wajerumani. Ndugu zetu wa Zanzibar husema "skuli", kwa kulichukua kwa Waingereza. Kwa hiyo anayetamka "ibada ya shule" amekwisha kukutanisha safari mbili ndefu, ya jahazi na ya meli, kabla hata hajaanza kuomba. Hata "kusoma" kumebeba mizigo miwili. Mtoto wa pwani aliyekwenda chuoni kusoma alikwenda kujifunza Kurani. Huko Buganda, Wakristo wa kizazi cha kwanza waliitwa wasomaji, kwa kuwa kujua herufi na kumwabudu Mungu kulihesabiwa jambo moja.

Na mstari? Msikitini imamu huwahimiza watu wanyooshe safu kabla hajaanza kuswalisha. Wanasimama bega kwa bega bila mwanya. Sisi mstarini tuliachiana nafasi ya mkono mmoja. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba rafiki yangu aliyajua yote mawili, kusimama kwa kugusana na kusimama kwa kupimana, ilhali mimi nilijua moja tu.

* * *

Sala ya asubuhi ya shule ilipandaje mlimani? Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann aliona weupe kwenye Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akaandika kwamba ni theluji. Wataalamu wa jiografia wa London walimbishia kwa miaka. Alikuwa Mjerumani, lakini aliyemtuma ni CMS, chama cha wamisionari cha Kanisa la Uingereza. Miaka 37 baadaye, mwanzoni mwa 1885, Askofu James Hannington wa kanisa hilohilo alipanda hadi Moshi, ile ya juu tunayoiita leo Old Moshi, akaonana na mtawala wake, Mangi Rindi, ambaye watu wa misafara walimwita Mandara. Mangi alikuwa na hesabu zake: alitaka bunduki, mafundi, na urafiki wa wenye nguvu. Askofu naye alikuwa na zake. Wakaelewana, kila mmoja akielewa lake, na mwaka huohuo kituo kikaanza. Hannington hakuishi kuona matunda yake. Mwezi Oktoba aliuawa Busoga akiwa njiani kwenda Buganda.

Kituo cha Waingereza kilidumu miaka saba. Mwaka 1892 Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani vitani, na wamisionari wakashukiwa kwamba walikuwa upande wake. Ikabidi waondoke, wakahamia Taveta, ambayo leo iko Kenya. Mwaka uliofuata Walutheri wa Leipzig walikuja kushika nafasi yao, wakaanzia Machame. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kufika Kilema tangu 1890. Hivyo ndivyo mlima ulivyogawanyika. Mpaka leo ukimwuliza Mchagga kihamba cha babu yake kiko wapi, unaweza kukisia kanisa lake bila kukosea sana.

Kengele na kamba zilipanda mlimani katika miaka ileile, na kulificha hilo ni kuwadhulumu watoto. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli na wenzake palepale Old Moshi. Reli iliyotoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, mji ulishuka tambarare kuifuata, na vipande vya vyuma vyake vikaja kutundikwa mitini na kuita watoto shule. Wazee wetu walitaka herufi. Walitaka mtoto atakayesoma barua ya bwana shauri, atakayehesabu magunia ya kahawa asipunjwe. Herufi zile zilikuja na sala katika kapu moja, na hakuna aliyewauliza kama wangependa kununua kimoja na kuacha kingine.

Lakini si kweli pia kwamba kusimama asubuhi na kumtaja Mungu kuliletwa na wageni. Bruno Gutmann, mmisionari aliyekaa Old Moshi miaka mingi, alikusanya mafundisho ya jando ya Wachagga yakajaza majuzuu matatu yaliyotoka kati ya 1932 na 1938. Humo umeelezwa mregho, fimbo yenye alama za kuchongwa, kila alama ikiwa na fundisho lake. Vijana walikusanywa, mwalimu wao akapita alama kwa alama, na mafundisho yakaimbwa. Kulikuwa na shule kabla ya neno shule. Na babu yangu, Mlutheri aliyebatizwa na kuzikwa kwa tarumbeta za kanisa, hakuacha kamwe jambo moja: alipotoka nje alfajiri, kabla ya kusema na mtu, aligeuka kuelekea Kibo akasimama kimya. Nilipomwuliza anafanya nini, alinijibu kwa Kichagga kwamba anamsalimu Ruwa. Ruwa ni Mungu, na ni jua. Babu hakuona kwamba kuna mgogoro wa kutatua.

* * *

Wakati wangu shule ilikuwa ya serikali. Sheria ya Elimu ya 1969 ilikuwa imeziweka mikononi mwa taifa shule nyingi zilizojengwa na makanisa, na ya kwetu ilikuwa mojawapo. Juu ya mlango wa ofisi palikuwa na msalaba wa saruji uliochongolewa na kupigwa plasta, lakini mvua ilipolowesha ukuta, alama yake ilirudi. Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba nchi haina dini ingawa watu wake wana dini zao, naye mwenyewe alikuwa mtu wa misa ya kila siku. Katiba ya 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Vipindi vya dini viliwekwa kando: Wakristo kwa mwalimu wao, Waislamu kwa wao.

Hata hivyo, kila asubuhi nchi hii isiyo na dini huwasimamisha watoto wake mbele ya bendera na kuwaimbisha sala. Wimbo wetu wa taifa unamwita Mungu kabla ya kuitaja Tanzania. Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Ukawa wimbo wa wapigania haki wa Afrika Kusini, ukapanda kaskazini, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikaufanya wake. Nikilifikiria hilo, napata faraja. Kabla haujawa wa mataifa, ulikuwa wa mwalimu wa shule aliyesimama mbele ya watoto akitafuta namna ya kuwafanya waimbe pamoja. Umezunguka nusu ya Afrika ukarudi ulikotoka, kwenye mstari wa asubuhi.

Na una sifa moja ambayo sala nyingi hazina: Mwislamu na Mkristo wanaweza kuuimba bila mmoja kuazima mdomo wa mwenzake. Tatizo letu halikuwa kwenye wimbo. Lilikuja ilipofika "Tuombe."

* * *

Nilikuwa darasa la tano. Juma lile zamu ilikuwa ya mwalimu mgeni, aliyehamia kwetu mwezi uleule. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema kila mtu afumbe macho, ashikamanishe viganja kifuani, na wote tuseme amina kwa sauti moja. Tukafanya hivyo. Mbele yangu rafiki yangu alikuwa ameshusha mikono usawa wa tumbo, viganja vimefunguka kuelekea juu, kama anakinga maji ya bomba. Mimi nilijua ile ni nini. Nilikuwa nimekula kwao mara nyingi, nimemwona babu yake akifungua viganja vilevile baada ya chakula, akisema maneno taratibu na kumaliza kwa kujipangusa uso.

Mwalimu hakujua. Alidhani anadhihakiwa. "Wewe unaomba, au unaombaomba?" akauliza, na watoto wakacheka. Akamwita mbele. Akampa viboko vitatu kwenye viganja, viganja vilevile. Rafiki yangu hakulia. Alirudi kwenye nafasi yake mikono imebanwa kwapani, nami nikauona uzi wa kijani ukitetemeka.

Mwalimu yule sina kinyongo naye. Alikosea kwa kutojua, na wengi wetu tumewakosea watoto kwa njia hiyo. Aliyejua ni mimi. Ingetosha kunyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, kwao ndivyo wanavyoomba." Maneno machache tu. Nilinyamaza. Ngoma ikalia, tukaingia darasani.

Jioni nilimsimulia bibi yangu, na nadhani nilimsimulia ili anihurumie kwa kuwa na rafiki aliyepigwa. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma yake, bibi."

"Umbali gani?"

"Mkono mmoja."

Akaweka kisu chini. Hakusema kitu kwa muda, kisha akainuka, akaenda mpakani mwa kihamba, akakata jani la sale. Kwa Wachagga masale hupandwa mipakani na makaburini, na jani lake ndilo la kuombea radhi. Mwenye kosa akilileta, aliyekosewa hapaswi kulikataa. Akalifunga fundo, akanipa mkononi. "Peleka," akasema. "Usitume mtu."

Njia ya kwenda kwao ilikuwa hatua mia mbili, na sijapata kutembea njia ndefu kuliko ile. Babu yake alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, meku," nikamnyooshea jani. Alilitazama, akanitazama, akalipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Hakuniuliza kosa ni langu au la nani. Akamwita mjukuu wake: "Njoo, mwenzako amekuja." Rafiki yangu akatoka, viganja vimevimba. Mzee akaliweka lile jani mapajani, akafungua mikono, akaomba dua. Sikujua mikono yangu niifanye nini. Mwishowe nikaifungua na mimi.

* * *

Jumatatu iliyofuata zamu ilimwangukia mwalimu mzee kuliko wote, mtu aliyeanza kufundisha shule ikiwa bado ya misheni. Kama alisikia habari ile, na nani alimwambia, sikujua. Wimbo ulipokwisha alisimama mbele yetu akavua kofia. Akasema, "Kila mmoja aombe kama wanavyoomba kwao. Asiyeomba asimame tu, amsubiri mwenzake." Akanyamaza. Nasi tukanyamaza, watoto mia kadhaa.

Sikuwahi kusikia ukimya wa namna ile. Mfongo ulisikika nyuma ya jiko. Jogoo aliwika kwenye kihamba fulani na mwingine akamjibu kutoka ng'ambo ya bonde. Ukungu ulikuwa unainuka, na Kibo ikatoka kidogo kidogo, kwanza bega, kisha kichwa. Hakuna aliyekohoa. Haikuzidi dakika moja. Kisha mwalimu akavaa kofia na kusema, "Matangazo."

Tangu siku ile najua kwamba kunyamaza kuko kwa aina mbili. Kuna kunyamaza kwa mtu anayejificha nyuma ya wenzake ili yasimfike, na huko ndiko nilikokuwa nako mimi nyuma ya bega lile. Na kuna kunyamaza kwa mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuwa mbele ya Mungu wake. Kwa nje vinafanana kabisa. Naamini kazi kubwa ya ibada ya shule ni kumfundisha mtoto kuvitofautisha, na hakuna kipindi kingine kwenye ratiba kinachoweza kumfundisha hilo.

* * *

Kule lilikotoka kanisa la Hannington, ibada ya shule imeandikwa katika sheria. Sheria ya Elimu ya Uingereza ya 1944 ilizitaka shule zinazogharimiwa na umma zianze siku kwa ibada ya pamoja, na ile ya 1988 ikaongeza kwamba katika shule zisizo za dini, ibada hiyo kwa sehemu kubwa iwe na sura ya Kikristo. Kanisa la Uingereza peke yake lina shule zaidi ya 4,500, nyingi zikiwa za msingi, nazo hutakiwa kuwa na ibada ya pamoja kila siku. Lakini sheria ileile inampa mzazi haki ya kumtoa mtoto wake. Mtoto huyo huweza kukaa chumba kingine na kitabu chake mpaka wenzake wamalize.

Na hapa kwetu, mwaka 2013, Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova wa mkoani Mbeya waliofukuzwa na kusimamishwa shule kwa sababu dhamiri zao haziwaruhusu kuimba wimbo wa taifa. Wapo walioudhika na hukumu ile. Mimi niliposikia habari zake niliviona viganja vilivyovimba. Mtoto anayesimama kimya wakati wengine wote wanaimba anahitaji moyo mkubwa kuliko kiranja anayeimbisha, na kama taifa linaweza kutetereka kwa sababu ya mtoto mmoja aliyefumba mdomo, basi si yeye aliyelitetemesha.

Naheshimu mlango ule wa Waingereza, wa kumtoa mtoto ibadani. Ni haki, na ni heri uwepo. Lakini mlango peke yake hautoshi. Mtoto anayetoka ukumbini kila asubuhi huenda asiumizwe na mtu, ila wenzake nao hawajifunzi chochote kutokana naye. Ninachokitamani ni kigumu zaidi: abaki mstarini akiwa yeye mwenyewe, na mstari usimguse ila kwa wema. Kwa hilo hapawezi kutungwa sheria. Panahitajika mwalimu anayejua viganja vilivyofunguliwa vinasema nini, na mtoto wa nyuma yake mwenye ujasiri wa kumwambia asipojua.

* * *

Tangu Sera ya Elimu ya 1995 ilipowafungulia mlango watu binafsi na mashirika, makanisa yamerudi kujenga shule za msingi, na mjini Moshi zipo za kutosha. Niliomba ruhusa kwenye ile aliyoipenda jirani yangu, nikaenda kukaa kwenye kiti cha nyuma asubuhi moja. Watoto waliingia wakiwa wamevaa soksi zilizovutwa hadi magotini. Kulikuwa na wimbo wenye kupiga makofi, somo fupi, na hadithi iliyosimuliwa na mwalimu kijana kuhusu mtu aliyepoteza mbuzi. Wasichana watatu walikuwa wamejitanda ushungi. Waliimba walichotaka kuimba, na penginepo walitulia.

Sala iliongozwa na mtoto wa darasa la tatu. Alianza vizuri, kwa kukariri, halafu maneno yakamkimbia. Akasimama. Niliona masikio yake yakishtuka kama ya swala aliyesikia tawi likivunjika. Nikasubiri mwalimu amnong'oneze, au watoto wacheke. Hawakucheka, na mwalimu hakunong'ona. Ukumbi mzima ulimngoja. Mbele yangu mmoja wa wasichana wale alikuwa ameinamisha kichwa, viganja viko wazi mapajani. Mtoto akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mungu, bibi anaumwa mguu. Amina." Na wote wakasema amina, wengine kwa sauti, wengine kwa midomo tu.

Nikarudi nyumbani na jibu la jirani yangu. Nilimwambia hivi: mwanangu, hesabu atazipata, na kama ni za kuwahi dakika kumi na tano, atazipata pia. Ibada haitamfanya awe na imani. Imani haifundishwi kwa kengele, na akiipata ataipata kwako na kwa Mungu mwenyewe. Lakini siku hizi mtoto anaamka kwenye televisheni, anapanda basi la shule lenye redio, anashuka kwenye kelele. Utamtafutia wapi mahali pengine ambapo kila siku, pamoja na watoto wa watu asiowajua, atasimama bila kufanya kitu? Mahali ambapo atasikia mwenzake akimtaja bibi yake mgonjwa, na kujua kwamba mwenzake ana bibi? Usiwaulize wanasali sala gani. Waulize yule asiyeisali wanamfanyaje. Wakikujibu vizuri hapo, mwandikishe.

Alikwenda akauliza. Akamwandikisha.

Siku ya kwanza nilimsindikiza, tukasimama nje ya uzio chini ya mjakaranda pamoja na wazazi wengine waliokuwa hawana haraka ya kuondoka. Kengele yao ni ya umeme. Watoto wakajipanga, na kwa mbali nikasikia neno ambalo sikulitarajia lingekuwa bado hai: "Pima!"

Mwanawe alikuwa na sare mpya iliyomzidi, mikono ya shati ikimfunika vidole. Alinyoosha mkono, haukufika. Akajinyoosha kwa ncha za viatu, bado haukufika. Aliye mbele yake, mtoto mwenye mabega mapana ambaye hakuwa anamjua, aligeuza shingo kidogo, akaona. Akarudi nyuma nusu hatua, mpaka vidole vikamgusa begani.

"Shusha!"